Jamii za Wasemaji wa Boyoma, Zikiainishwa na Sikio Lenye Mashine

Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyetaka kila kiumbe kiwe na kabati lake na jina lake la Kilatini, alitoa toleo la kumi la Systema Naturae mwaka 1758. Humo alimpa jina tembo, akampa kiroboto, akajipa na yeye mwenyewe. Kazi ile ina pengo. Aliwapanga wanyama kwa meno, kwa kwato na kwa chuchu, lakini hakuwapanga hata mara moja kwa namna wanavyomsemesha mtu aliyevaa mashine ya sikio. Pengo hilo lina umri wa miaka zaidi ya 260, na wanaotumbukia humo si wachache: Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya milioni 430 wanaohitaji huduma kwa sababu ya usikivu uliopungua, na karibu wanane katika kila kumi wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Utafiti huu unaanza kuliziba pengo hilo, na umeanzia Kisangani, mkoa wa Tshopo nchini Kongo, mji ambao wenyewe huuita Boyoma. Uchaguzi wa mahali haukufanywa kwa bahati nasibu. Sikio la Boyoma hupata kila aina ya mtihani: maporomoko ya Wagenya, jenereta mbele ya kila duka la mtaa wa Makiso, vipaza sauti vya ibada, na mvua kubwa inayopiga mabati. Isitoshe, mji huu una njia nyingi za kumfikisha mtu kwenye mashine. Kuna usaha wa sikio la utotoni ulioachwa ujikaukie, kuna homa ya uti wa mgongo, kuna sindano za dawa kali kama kanamisini, na kuna kwinini, ambayo ikizidi huliachia sikio mlio usioitwa. Halafu kuna Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana kwa mizinga siku sita katikati ya mitaa ya watu. Juu ya hilo mtafiti hana mzaha.

Chombo cha utafiti ni masikio ya mtafiti mwenyewe, mawili, yote mabovu kwa kiwango cha wastani, kila moja likiwa na mashine yake nyuma. Sampuli ni yeyote aliyefungua mdomo mbele yake.

Kanuni ya Namba

Kabla ya kuainisha wasemaji, inafaa kueleza kinachopotea. Sikio lililochakaa kwa umri au kwa kelele huanza kwa kawaida kupoteza sauti nyembamba za juu. Irabu hubaki. Konsonanti kama s, f, sh na t ndizo za kwanza kuondoka. Mashine huzirudisha kwa kadiri yake, na chumbani penye utulivu huzirudisha vizuri. Katikati ya soko zinatoroka tena, kwa sababu mashine inakuza sauti na haiponyi sikio.

Sasa zivue namba za Kiswahili konsonanti zake uone kinachobaki. Moja ni o-a, mbili ni i-i, tatu ni a-u, nne ni e peke yake, tano ni a-o, saba ni a-a, nane ni a-e, kumi ni u-i. Kila moja ina sura yake, na mtu anaweza kununua chumvi maisha yake yote bila kudhulumiwa. Zimebaki mbili tu: sita na tisa. Zote ni i-a. Tena zote zimejengwa kwa s na t, zilezile mbili, ila zimebadilishana viti. Yaani lugha nzima ilikuwa na nafasi moja ya kumkosesha kiziwi, ikaitumia kwa ustadi. Mama wa samaki akitaja bei ya mbenga aliyekaushwa, kati ya elfu sita na elfu tisa kuna franga elfu tatu zinazoelea hewani, na haziangukii upande wa mnunuzi.

Msomaji mwerevu atashauri tuhamie Kifaransa, kwa kuwa Boyoma ni mji wa lugha nyingi. Mtafiti alihamia. Huko alikuta six na dix, ambazo zikitangulia mille hubakiwa na irabu moja, ileile, kila moja. Basi na tuingie Kilingala: motoba na libwa, sita na tisa, hata ukuta hauwezi kuzichanganya. Furaha hiyo ilidumu mpaka kwenye misato na mitano, tatu na tano, i-a-o kwa i-a-o. Hivyo inatungwa hapa Kanuni ya Boyoma: kila lugha ya soko imeachiwa tundu moja, na hakuna mbili zilizoachiwa tundu mahali pamoja. Matumizi yake ni rahisi. Ukisikia sita kwa Kiswahili, omba irudiwe kwa Kilingala. Ukisikia tatu kwa Kilingala, omba Kiswahili. Wauzaji hudhani unajifaharisha kwa lugha. Waache wadhani.

Na macho je? Wengi wetu tunasoma midomo bila kujua kwamba tunasoma. Lakini p, b na m hufunga midomo kwa namna moja. Kwa jicho tupu, papa, baba na mama ni mtu mmoja. Katika mji ambao kila mwanamume ni papa na kila mwanamke ni mama, mtu anayetegemea macho peke yake anaweza kuitikia salamu ya mtaa mzima kabla hajajua aliyekusudiwa ni nani.

Ngeli za wasemaji

Ngeli ya kwanza, na yenye idadi kubwa kuliko zote, ni Wapaazaji. Mtafiti alitaka kuwaita Clamator, akakuta jina hilo lina wenyewe: ni jenasi ya kekeo, wale ndege wanaotaga katika viota vya wengine. Akaliacha hivyohivyo, kwa kuwa tabia zinafanana. Mpaazaji huiona mashine, huhitimisha kwamba mbele yake kuna ukuta, na huanza kuubomoa. Shingo inatoka mishipa. "PAPA! UNAENDA WAPI?" Wapita njia wanageuka, na sasa Makiso yote inajua kwamba papa anaenda kununua sabuni.

Nia yake ni njema, na ndiyo maana ni vigumu kumtibu. Lakini fizikia haimuungi mkono. Mtu anapopaza sauti, anachokuza hasa ni irabu, ambazo hazikuwa zimepotea. Zile s na t masikini hazikui kwa kiasi hicho. Juu ya hayo, sikio bovu lina kituko chake: kati ya sauti lisiyoisikia na sauti inayoliumiza kuna hatua fupi kuliko kwa sikio zima. Mashine za kidijitali zinajua hilo, kwa hiyo sauti ikizidi zinaibana. Mpaazaji anapanda, mashine inamshusha. Anapanda zaidi, inamshusha zaidi. Mazungumzo ya namna hii huisha kwa mmoja kukauka koo na mwingine kuumwa kichwa, na sabuni bado haijanunuliwa.

Karibu na hao kuna spishi ndogo ya Wapanua-midomo, ambao hawapazi sauti bali huitafuna kila silabi kama wanafundisha chekechea. Midomo ikinyooshwa hivyo haisomeki tena. Tupite.

Ngeli inayostahili kukaliwa kitako ni Wapitiaji. Mpitiaji hasemi na mwenye mashine. Husema na aliye kando yake. "Mama, papa anatia sukari?" Papa yuko palepale, kikombe mkononi, mwenye shahada, watoto na maoni makali kuhusu sukari. Mtafiti amewakuta Wapitiaji mahospitalini, maofisini na misibani, na amegundua kwamba wanaongezeka kadiri jambo linavyokuwa zito: sukari huulizwa mke, na ugonjwa wenyewe huulizwa mke vilevile. Dawa inayofanya kazi haiko kwa mwenye mashine bali kwa mwenzake. Anyamaze. Aangalie dirishani. Mpitiaji, akikosa daraja, atalazimika kuogelea.

Kisha kuna Waachaji. Hawa hawapazi sauti na hawazunguki. Wanasema jambo mara moja, ukiuliza "Umesema nini?", wanapunga mkono: "Acha tu, si kitu." Kwa macho ya nje ni wapole kuliko wote. Kwa maoni ya mtafiti ni hao wanaomtoa mtu barazani. Kicheko kimepita mezani, kila mtu anafuta machozi, wewe una tonge la lituma mkononi na hujui kilichochekesha. Ukiuliza, si kitu. Kama si kitu, mbona watu wanane wanashikana mabega? Mtu akiambiwa "si kitu" mara nyingi vya kutosha, siku moja huacha kuuliza, na siku inayofuata huacha kuja. Watu wa nyumbani husema amezeeka, amekuwa mkimya. Mashine yake, wakati huo, iko kwenye droo.

Watoaji salamu wanahitaji tanbihi yao. Salamu ya huku ya kugusanisha vichwa, upande huu, upande ule, tena upande huu, ni nzuri mno kwa moyo, ila kila kichwa kinapoikaribia mashine sauti hurudi kwenye maikrofoni na mashine hupiga filimbi. Wageni huruka nyuma wakidhani wamevunja kitu. Mwenye mashine aendelee na upande wa pili kana kwamba filimbi ni sehemu ya adabu.

Lokole, au ngeli ya juu kabisa

Hapa mtafiti alilazimika kuteremka mto hadi Yakusu, na kurudi nyuma hadi zama za John Carrington, mmisionari Mbaptisti kutoka Uingereza aliyefika Kongo mwaka 1938. Carrington alijifunza kwa Walokele kupiga lokole na mwaka 1949 akachapisha kitabu, Talking Drums of Africa, kueleza kwamba ngoma ile haitumi ishara za siri bali hutuma lugha yenyewe. Lokole ni gogo lililokombwa ndani, lenye ufa na midomo miwili. Mdomo mmoja hutoa sauti ya juu na mwingine ya chini, nao huitwa wa kiume na wa kike. Kikele, lugha ya Walokele, kama lugha nyingi za bonde la mto huo, hutofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na kupanda na kushuka huko ndiko gogo linakoweza kubeba.

Tafakari ni umaskini wa namna gani huo. Mtafiti hupoteza s na t. Msikilizaji wa lokole alipoteza konsonanti zote na irabu zote pia! Kilichomfikia ni juu, juu, chini, juu, kutoka kilomita kadhaa, kupitia msitu. Kwa mpangilio huo maneno ya mwezi na ya kuku yanalingana kabisa, na kupiga kwa nguvu zaidi kusingesaidia chochote: vingefika vyote viwili, kwa kishindo, bado vimefanana. Kwa hiyo wapigaji hawakutuma neno fupi peke yake. Mwezi ulitajwa pamoja na desturi yake ya kuitazama dunia kutoka juu. Kuku alitajwa na udogo wake na mlio wake. Ujumbe ukawa mrefu mara nyingi kuliko usemi wa kawaida, na urefu huo ndio uliokuwa usalama wake, kwa sababu kipande kimoja kikipotea, vingine vilimshika msikilizaji mkono mpaka mwisho.

Ngeli ya juu kabisa, basi, ni Warefushaji, na katika Boyoma wanapatikana kwa wingi kuliko mtu angetarajia, hasa miongoni mwa watu ambao hawajawahi kufundishwa lolote juu ya usikivu. Mama mmoja wa samaki, alipoona bei yake imeingia kombo, hakupaza sauti. Alinitazama usoni, akasema: "Papa, elfu tisa. Inabaki moja tu ifike kumi." Ile Kanuni ya Boyoma, niliyoifanyia kazi kwa jasho, ilivunjwa na sentensi moja! Mrefushaji harudii neno lililopotea kwa umbo lilelile, maana lililopotea mara ya kwanza litapotea ya pili. Hulisema upya kwa njia nyingine. Huanza kwa jina lako, ili sikio lijue lianze kazi. Hutaja jambo kabla ya habari zake: "Kuhusu mazishi ya kesho", ndipo saa na mahali. Mpaazaji anaweza kugeuzwa Mrefushaji kwa ombi moja la heshima, ambalo nalifikisha hapa kama linavyosemwa, yaya akiwa kaka au dada mkubwa: "Yaya, usiseme kwa nguvu. Niambie kwa njia ingine."

Uhamaji wa mwenye mashine

Mtu anayesafiri na mashine hukutana na ngeli zote kwa mpigo, zikiwa zimevikwa kelele. Toleka, teksi ya baiskeli, ndiyo maabara bora. Dereva wa baiskeli amekaa mbele, mdomo wake unaelekea Mangobo, wewe uko nyuma yake, na upepo unapigana na maikrofoni. Hakuna mashine inayoshinda mchanganyiko huo. Kila neno lenye thamani lisemwe kabla tairi halijazunguka: mahali, bei, na bega. Bega la kushoto likigongwa ni kata kushoto, la kulia ni kata kulia, yote mawili ni simama. Madereva huufahamu mkataba huu mara moja, na baadhi yao huupendelea kuliko abiria wanaozungumza. Kwa pikipiki ni hivyohivyo, kwa kasi zaidi.

Maporomoko ya Wagenya yanamshangaza kila mgeni mwenye mashine. Anatarajia adhabu, kwa vile maji yananguruma mchana na usiku juu ya ile mitego iliyotundikwa kwenye miti, lakini anakuta nafuu. Sababu ni kwamba ngurumo ya maji haibadiliki, na mashine ya kidijitali inaitambua kelele isiyobadilika na kuipunguza. Usemi hupanda na kushuka, kelele ile imesimama palepale. Geuza mgongo kwa maji, mweke msemaji mbele yako ambako maikrofoni huelekea, na unaweza kupatana bei ya mtumbwi. Soko kuu, kinyume chake, lina kelele iliyofanywa kwa midomo ya watu, na mashine haina namna ya kujua kwamba wewe unamtaka huyu wa pondu na si yule wa mkaa. Kwa hiyo mnong'ono wa watu mia ni mbaya kuliko mto mzima.

Mvua juu ya mabati haihitaji utafiti. Hapo sote ni viziwi, na mazungumzo huahirishwa kwa haki.

Safari ya ndege kutoka uwanja wa Bangoka ina hofu nyingi zisizo na msingi. Mashine hazivuliwi kwenye mlango wa ukaguzi wala hazizimwi angani. Betri za akiba zikae kwenye mkoba wa mkononi. Matangazo ya kuita abiria ni jambo jingine, lakini mtafiti ameona wenye masikio mazima nao wakigeukiana baada ya kila tangazo. Mwambie mfanyakazi mmoja hali yako, kisha kaa pale unapoiona foleni.

Mto ndio safari yenyewe. Kutoka Kisangani hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,700, na balenyeri, ile boti ya mbao, haina haraka. Mwenye mashine afungashe kama mtu anayehama. Betri ndogo za zinki hutambulika kwa rangi ya kibandiko dunia nzima: 675 ni buluu, 13 ni chungwa, 312 ni kahawia, 10 ni njano. Ijue yako, maana njiani utaulizwa rangi kabla ya namba, na kwa kweli hutazikuta, basi beba za safari nzima na nusu yake. Betri hizi huvuta hewa ili zifanye kazi. Kibandiko kikishatoka, uhai wake umeanza kuhesabiwa hata usipoitumia, na kukirudisha ni kujifariji. Mashine za kuchaji ni nzuri kwa aliye na umeme wa uhakika kila usiku. Sikumbuki kumwona mtu huyo Lubunga.

Adui mkubwa zaidi ni unyevu. Jasho na mvuke wa mto huingia kwenye mrija na kuzima sauti, kwa hiyo usiku mashine zilale, mlango wa betri wazi, ndani ya kopo linalofunga vizuri lenye vile vifuko vya chembe za kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Wapo wanaotumia mchele. Mchele hukausha kidogo na kuacha vumbi, heri upikwe.

Na usiku wa sitaha ubebe tochi. Giza likiingia midomo hupotea, na nusu ya usikivu huondoka nayo. Tochi imulike uso wa anayesema. Watu hummulika kiziwi, kana kwamba yeye ndiye asiyeonekana.

Imesalia ngeli moja, ambayo haiko upande wa wasemaji: Waitikiaji, yaani wenye mashine wenyewe. Mwitikiaji, akichoka kuuliza, hutikisa kichwa na kusema "eeh, eeh" kwa lolote. Kwenye balenyeri tabia hii ina hatari zake, kwa kuwa sitaha imejaa watu wanaohitaji kukubaliwa jambo. Mtafiti anapendekeza badala yake mbinu ya kurudisha ulichosikia, hata kama ni kichekesho, ili msemaji asahihishe kile tu kilichoharibika. Mfano wa uwandani, mahali fulani juu ya Bumba, mashine zote mbili zikiwa na betri mpya:

"Umesema nikuchungie mbuzi mpaka Kinshasa?"

"Hapana, papa. Nimesema usogee kidogo, uko unakalia kamba yake."